Siku Nyumba Yetu Iliposimama Mistari Miwili

Juzi nilipeleka viatu kushonwa Kabasa, pale Bunda mjini, nikawakuta vijana watatu wamemzunguka fundi wanabishana. Ubishi wenyewe unaujua, ule wa mwaka wa kura. Rais huyu alijenga barabara, yule alielewana na majirani, wa kabla yake biashara zilidorora. Halafu wakageukia wagombea: huyu atafufua pamba, yule atafungua mpaka mizigo ipite. Mmoja akanigeukia, "Bibi, wewe umewaona wote. Nani alikuwa bora?" Nikamwambia mimi mgombea simwamini mpaka nimwone akiwa amekasirika. Wakacheka, fundi naye akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lile si langu, ni la bibi yangu, na lilitugharimu.

Tulikuwa tunakaa vilimani, nyuma ya Butiama, enzi Mwingereza anatawala na boma liko Musoma. Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu: bibi, mama, na mimi. Nikuambie mapema usije ukapotea njiani. Mama yangu aliolewa na bibi. Ndiyo, umesikia vizuri. Bibi alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, na kwetu mwanamke wa namna hiyo aliweza kutoa ng'ombe, akaoa msichana, na watoto atakaowazaa huyo msichana na mwanaume wa nje wakawa wa nyumba yake. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Mama alitoka kijiji cha Buswahili akiwa mbichi kabisa, ng'ombe wakaenda kwao, mimi nikazaliwa. Bibi ndiye alikuwa mwenye mji, mkuu wa kaya. Alikaa kwenye kigoda cha mwenye mji, na nyama ikichinjwa kwa jirani, fungu la mwenye mji lililetwa kwake.

Tulikuwa na shamba bondeni, karibu na kijito, udongo mweusi unaonata vidoleni. Viazi vya pale, mwenzangu! Mama alivikata vipande, akavianika juu ya mwamba, vikawa michembe ya kula kiangazi chote. Nilitumwa kulinda mbuzi wasivile, na mlinzi mwenyewe nilikula kuliko mbuzi. Kiangazi kikiwa kikali, tulichemsha michembe, tukala na furu wakavu waliotoka ziwani Musoma, na harufu yake ilishika nguo mpaka Jumapili.

Shamba lile ndilo shemeji yake bibi alilitolea macho. Alikuwa mdogo wa marehemu babu, mtu wa sauti ya upole, na bibi alisema upole ule ndio wa kuogopwa. Kila mwaka alikwenda kwa jumbe, mkubwa wa eneo letu, kudai kwamba nyumba isiyo na mwanaume haina haki ya bonde. Kila mwaka jumbe mzee alimjibu kwamba mwanamke aliyeoa ana nyumba, nenda zako. Sasa jumbe mzee akafa, na boma likatangaza kwamba jumbe mpya hatateuliwa. Atachaguliwa na watu.

Hapo ndipo bibi alipoanza kulinganisha. Akisaga mtama, jiwe linakwaruza, yeye anawapanga majumbe wote aliowahi kuwaona. Yule wa zamani alilazimisha matuta na mihogo, akachapa watu viboko, lakini njaa ilipokuja haikumzika mtu kwetu. Aliyemfuata alikuwa mpole, hakumchapa mtu, ghala zikabaki tupu. Huyu aliyekufa juzi alipatana na watu wa ng'ambo ya mto Mara, ng'ombe wakalala zizini kwa amani. Ila kwa Mzungu alikuwa anasemaga ndiyo kwa kila kitu, hata ng'ombe wetu walipotakiwa kupunguzwa. "Hakuna aliyekuwa mzima," bibi alisema. "Kila mmoja alikuwa na upande uliooza. Kazi yako ni kujua upande gani, kabla hujang'ata."

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wangu wa shule, soksi ndefu mpaka magotini, aliyeahidi pamba nyingi, zahanati, na kusikilizana na boma. Wa pili alikuwa mfugaji jirani yetu, aliyeahidi kwamba hakuna ng'ombe atakayepunguzwa tena na kwamba atakwenda mwenyewe ng'ambo ya mto kula yamini ya amani. Walipita mji kwa mji. Bibi aliwatazama kama mtu anayenusa maziwa. "Kizuri chajiuza," alininong'oneza, "kibaya chajitembeza. Na hawa wanatembea sana."

Mkutanoni alisimama akawauliza wote wawili swali moja tu: nyumba yangu ni nyumba, au si nyumba? Mwalimu akatabasamu, akasema bibi, mbele ya sheria nyumba zote ni nyumba. Mfugaji akacheka kwa sauti, akasema, "Wewe bibi ni mwanaume mwenzangu, nani asiyejua!" Watu wakapiga makofi. Bibi alirudi nyumbani amenuna. Mmoja katabasamu, mwingine kacheka, alisema, na hakuna aliyejibu; mgombea simwamini mpaka nimwone amekasirika. Halafu akamwona shemeji yake akimsindikiza mwalimu njiani. Kesho yake akamwona huyohuyo shemeji akinywa maziwa kwa mfugaji. Basi, usingizi ukamwisha.

Alifikiri siku tatu. Ya nne akatuita, akasema tutasimama pote pawili. Yeye atasimama nyuma ya mfugaji, mama nyuma ya mwalimu. Awaye yote atakayeshinda atakuta mtu wetu mstarini mwake, na hatathubutu kutugusa. Mama aliuliza, "Lakini mama, si wamesema kila nyumba mtu mmoja?" Bibi akamjibu kwamba karani wa boma ni mgeni, hajui nani anakaa wapi. "Akikuuliza nyumba ya nani, sema yako." Mama aliangalia chini. Nilifikiri bibi yangu ana akili kuliko dunia nzima.

Siku yenyewe tulikusanyika penye banda la kununulia pamba. Wagombea waliketi kwenye vigoda, wametupa mgongo, ili wasione nani amesimama nyuma ya nani. Bibi akasema migongo nayo ina macho. Mfugaji alikuwa na mstari wa wazee, fimbo mikononi. Mwalimu alikuwa na mstari wa vijana na wakulima wa pamba. Bwana shauri, Mzungu wa boma, alikaa chini ya mwavuli, akijifuta jasho. Karani alipita na kitabu chake akiuliza jina na nyumba. Nilikuwa nimemshika mama sketi. Karani alipofika kwetu, mama aligeuka kumtazama bibi kwenye mstari wa pili mpaka aliyekuwa nyuma yetu akaguna. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Yangu." Karani akaandika. Pembeni, shemeji yake bibi alikuwa amesimama, akiitazama kalamu ya karani.

Mwalimu alishinda kwa mbali. Tungelala nyumbani siku ile, angeshinda vilevile.

Mwezi haukuisha, shemeji akapeleka shauri lake kwenye baraza. Safari hii hakusema kwamba nyumba isiyo na mwanaume haina haki. Alisema, kwa upole wake ule, kifunguliwe kitabu. Kikafunguliwa. Ndani kulikuwa na nyumba mbili: moja ya mjane asiye na mtoto, nyingine ya msichana asiye na mume. "Wamesema wenyewe kwamba si nyumba moja," akasema shemeji. "Mimi nimeongeza nini?" Jumbe mpya, mwalimu wangu, aliusoma ule ukurasa mara mbili. Nilimchunguza uso nione kama anafurahi, nikashindwa, na mpaka leo sijui. Akatoa hukumu: bonde lirudi kwa ukoo wa marehemu, na mama yuko huru kurudi kwao Buswahili na mtoto wake, maana hakuna nyumba inayomdai.

Mshika mbili moja humponyoka. Sisi zilituponyoka zote mbili.

Tulirudi nyumbani. Nilijua mama anaweza kuondoka jioni ileile, na kuondoka kwake kulikuwa ni kuondoka kwangu, na bibi angebaki na jiwe la kusagia. Mama akaingia jikoni, akainjika chungu. Bibi akaketi mlangoni, si kwenye kigoda, chini. Akaanza kuhesabu: nilimchunguza mwalimu, nilimchunguza mfugaji, nilichunguza mpaka waliokufa. Mama akamkatiza. Sikuwahi kumsikia akimkatiza.

"Mimi hukuniuliza," alisema. "Ungeniuliza, ningekuambia nataka kusimama na wewe."

Bibi alilia. Mwanamke yule, aliyewaogopesha majumbe wanne, alilia kwa sauti kama mtoto, na mama akaendelea kusonga ugali.

Tulilima mlimani, watatu vilevile, miaka yote iliyofuata, kwenye mawe, mtama mwembamba. Siku hizi hakuna majumbe. Kijito kimekauka, na bondeni kumejengwa nyumba za bati za watu nisiowajua. Kura inapigwa kwa siri, na hilo nalipenda. Nikiwaambia wajukuu kwamba mama yangu aliolewa na bibi, wanaona haya kwa niaba yangu. Nyumba za namna ile zinakwisha, na sidai kwamba zote zilikuwa na heri. Wapo wasichana walioumia ndani yake, na nawajua.

Lakini nilikuwepo bibi alipokufa. Mwalimu alikuwa ameshaacha kuwa jumbe, kitabu kimeshaliwa na mchwa huko bomani. Ukoo ulikuja kuzika, na shemeji naye akaja, mzee sasa, anatetemeka. Wakaanza kuulizana nani atafanyiwa mila ya mjane, maana marehemu ni mwanamke. Mama hakuwasubiri wamalize. Alikaa chini mbele ya watu wote, akafungua kitambaa, akanipa wembe. Nikamnyoa kichwa chote, kama anavyonyolewa mwanamke aliyefiwa na mumewe.