Kilio Nilipigia Muntu Muzima

Bana bangu, haya ya hii mambo niliificha miaka mingi, lakini sasa meno yenyewe iliisha, basi mucheke tu.

Mudogo yangu Mwepu alikimbia jeshi. Nilimuficha mu chumba ya nyuma, ku kampi ya batumishi ba mine ya shaba (bukuta moja na majirani, ukikohoa banakujibu). Kesho yake asubui kamio, motokari ya kubeba samaki, ilipashwa kumutwala Kasenga, avuke muto Luapula, atoke mu inchi, iishe. "Yaya, leo ikala hapa, usitoke," aliniomba mi dada yake mukubwa. Lakini jirani, mama Kapinga, alikuya kuniita ku sinema ya kampi, nikajisemea: nikikatala batauliza nalinda nini mu nyumba. Nikaenda.

Filme yenyewe ilikuwa ya bazungu ba zamani, bukungu tupu, juu ya soda, askari mwenye alikimbia vita. Masua inamungojea, na yeye anarudia mwanamuke! Sisi bote tunamulalamikia: "We mupumbavu, panda masua!" Halafu pam, balimupiga masasi mu njia. Mi nikatupa mikono ku kichwa, nikaanguka chini, nikalia sawa vile tunaliaka ku kilio, kila muntu anaita jina ya maiti wake: "Mwepu eeh! Mudogo yangu, balikuuwa!"

Taa ikawaka. Mama Kapinga akanikamata: "Mwepu alikufwa? Na haukutuambia?"

Niseme nini? Niseme nalilia muzungu wa ku kitambaa ya sinema? Haya ikanishika, nikaitika na kichwa. Kumbe kilio haingojeaka: mbele nipate kiatu yangu chini ya banki ya kuikalia, bamama balishafika kwangu na makala ya moto na bunga, banalia ku mulango, na kapita mwenye kuangalia kampi nyuma yabo.

Mwepu, mule ndani, alizani mimi njo nilikufwa. Akatoka mbio, machozi chururu: "Yaya yangu!"

Kapita akamuangalia. "Maiti njo hii?"

Bantu balicheka, eeh, balicheka mupaka kuanguka. Kisha kapita akaenda kuita basoda, bakamutwala.

Kamio ilipita asubui bila yeye. Hakurudiaka. Kisha miaka kupita, barua ikafika ya kusema alikufwa, nikalia peke yangu, mama Kapinga tu njo alikuya, akasimama ku mulango, akaniuliza pole pole: "Na hii mara ni kweli?"

Munasemaka bibi halie ku kilio ya bantu. Nalia, bana bangu. Jina ya muntu tu njo siite tena.