Benki Iliyouliza Mvua

Nilipohamishiwa wilaya ya Kasulu kufundisha darasa la saba, miaka ya tisini, kitu cha kwanza nilichokichukia ni salamu. Vumbi jekundu nililizoea. Baridi ya asubuhi niliizoea, hata ugali wa muhogo niliuzoea. Salamu, ng'o! Mtu anakuja kuomba kiberiti, lakini kabla hajakitaja hicho kiberiti atakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, wa kwenu Upareni wanaendeleaje, mvua zinanyesha, kuku wanataga. Na mimi nina madaftari sitini ya kusahihisha. Ikawa mtu akitokeza mlangoni tu, namkatiza: "Sema shida yako."

Aliyelipata neno hilo kuliko wote ni jirani yangu, mama mmoja mjane aliyekuwa akilima na kuuza maharage. Nyumba zetu pale kijijini Titye zilitenganishwa na mstari wa migomba. Aliingia nchini mgongoni mwa mama yake, wazazi wake walipokimbia Burundi. Akakulia hapa, akaolewa hapa, akamzika mumewe hapa. Kila alfajiri akielekea shambani alisimama uani kwangu, akapiga makofi mawili ya taratibu, akakunja goti, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwalimu."

Mimi nimo ndani, mswaki mdomoni. "Sema shida yako."

"Sina shida, mwalimu. Nakusalimu tu."

"Haya, umeshanisalimu."

Nilikuwa nikiyasema hayo kwa mdomo huu huu ninaoulia chakula. Sitafuti huruma ya mtu.

Binti yake nilimfundisha mimi. Kichwa kile! Hesabu alikuwa anazimaliza wakati wenzake bado wanachonga penseli. Mwezi wa kumi na mbili majina yalipotoka, alikuwa msichana wa kwanza wa kitongoji chetu kuchaguliwa kwenda shule ya bweni. Nilipiga kelele za furaha mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Shule zikifunguliwa Januari, mtoto alitakiwa kuripoti na ada, godoro, sanduku na sare, na vyote hivyo vilikuwa ndani ya kitu kimoja: kitabu cha akiba cha mama yake. Miaka minane ya kuuza maharage ilikuwa imeandikwa mle. Alikifunga kwenye mfuko wa chumvi na kukificha chini ya mtungi. Kitabu kikipotea, hakuna shule. Hilo alilijua yeye, nililijua mimi, na mtoto alilijua.

Ndipo zikaja barua.

Sanduku la posta lilikuwa la shule, kijiji kizima kikipitishia barua zake humo, na ufunguo nilikuwa nao mimi kwa sababu ndimi niliyependa kwenda mjini. Siku hiyo nilikuta bahasha tatu zinazofanana, zimepigwa taipu: yangu, ya mwalimu mkuu, na ya jirani yangu. Nikaisoma yangu juu ya lori, wakati wa kurudi. Bado naikumbuka.

"Mteja wetu mpendwa, salamu sana. Tunatumaini umeamka salama wewe na wa nyumbani wote, na huko kwenu mvua zinanyesha vizuri. Sisi huku benki hatujambo. Baada ya salamu, tunakujulisha kwamba vitabu vyote vya akiba vinabadilishwa. Tuma kitabu chako kwa sanduku lililotajwa hapo juu, pamoja na karatasi tupu iliyomo humu. Weka sahihi au dole gumba chini yake, sisi tutajaza wenyewe. Siku kumi na nne zikipita, akaunti yako itafungwa. Usije dirishani, kuna msongamano."

Nilicheka mpaka utingo akaniuliza kulikoni. Benki gani inauliza mvua? Barua za benki nazijua mimi. Zinaanza na kumbukumbu namba, zinafuata na "Yah:", halafu vitisho. Tangu nianze kazi hakuna ofisi iliyowahi kutaka kujua kama nimelala vizuri. Nikasema moyoni, mwizi huyu ni mtu wa hapa hapa, maana hawezi hata kuiba bila kusalimu.

Baada ya hapo mengine yakajileta yenyewe. Namba ya sanduku haikuwa ile iliyochapwa nyuma ya kitabu changu. Muhuri ulikuwa na herufi zilizolala upande, kama zile ambazo wanafunzi wangu huchonga kwenye soli ya kandambili ili wajiandikie ruhusa za ugonjwa. Na ile karatasi tupu! Ukishaweka dole gumba kwenye karatasi tupu, mtu anaweza kuandika juu yake kwamba umemtuma akachukue kila kitu.

Nikashuka kwenye lori moja kwa moja hadi kwa jirani. Nikamtupia bahasha juu ya ungo wake wa maharage. "Hii ni ya mwizi. Ichome."

"Mwakeye, mwalimu," alisema. "Nisomee kwanza."

Nikamsomea, haraka haraka, nikibinya pua na kuigiza sauti. Nilipofika kwenye kuamka salama, mama yule akapiga makofi mawili, akaiitikia barua. Nilidhani ananitania, kumbe wala. Nikamweleza: sanduku siyo, muhuri siyo, karatasi tupu ni mtego. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "barua za ofisi zimeniita majina mengi katika nchi hii. Hakuna hata moja iliyonisalimu. Hii imenisalimu."

"Ndiyo maana nakwambia ni ya mwizi!"

"Kwa hiyo mtu mwema ni yule asiyesalimu?"

Nikasonya. Sonyo refu, la Kipare. "Nyie watu ndiyo maana mnaibiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Aliikunja barua kwa uangalifu, akaitia ndani ya kanga. "Nimesikia, mwalimu." Nilikuwa na miaka mitatu pale na bado sikujua kwamba nimesikia siyo nimekubali.

Siku ya nne, nikiwa upande wangu wa migomba, nikamuuliza kama ameichoma ile barua. Akaniambia kitabu ameshakituma. Alikuwa amekwenda Kasulu kwa karani wa sokoni, yule bwana mwenye taipureta aliyekuwa akiwaandikia barua wasiojua kuandika. Karani alimpa kiti, akamsalimu na kumuulizia watoto, akamsomea barua polepole kwa Kiha, akamwambia ni ya kweli. Akamshika kidole gumba, akakipaka wino, akaifunga bahasha yeye mwenyewe.

"Kwa nini umemwamini yule na siyo mimi?" nilifoka.

Akainama kuokota jembe lake. Nikajua jibu, nikazidi kukasirika.

Sasa, sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Watani wasikosee, ni kweli tupu. Kesho yake nilikuwa mjini kabla dirisha la benki halijafunguliwa. Kijana wa dirishani aliisoma barua yangu akasema hawakuiandika wao.

"Najua hamkuiandika! Zuieni kitabu cha jirani yangu kabla mtu hajakileta hapa."

"Mwenye kitabu aje mwenyewe, na kitabu chake."

"Kitabu ndicho kilichoibwa!"

"Bila kitabu hatuwezi kumhudumia."

Lo! Nikaenda kituoni. Askari wa zamu akaniuliza nimeibiwa nini. Nikamjibu sijaibiwa, nimegundua. "Basi mama," akasema, "ukiibiwa urudi." Nikakaa kwenye benchi lao. Nikaomba karatasi, nikaandika maelezo kurasa nne, nikayapigia mistari kwa rula. Jina la jirani yangu nililiandika ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa. Saa za kula zikapita, sikuondoka. Kila aliyeingia nilimsomea. Jioni mkuu wa kituo alichoka nami, akanipa askari mmoja asiyevaa sare.

Asubuhi iliyofuata tulisimama karibu na masanduku ya posta, mimi na askari wangu, tukijifanya tunasoma matangazo ya mnada. Barua zilipokwisha kupangwa, watu wakaanza kuja na funguo zao. Karani wa sokoni naye akaja. Alifungua sanduku lenye namba ile ya kwenye barua, akatoa bahasha tisa nene, akazibana kwapani. Alipogeuka akaniona, akavua kofia.

"Mwakeye, mwalimu! Wa nyumbani hawajambo? Mvua je, zinanyesha huko Titye?"

Aliposema mvua, nikamnyooshea kidole. Askari akamkamata mkono.

Kumbe ndiye aliyekuwa akiwajazia watu fomu za benki miaka yote. Alijua nani ana kitabu na nani hana, nani anasoma na nani anaweka dole. Bahasha zilitoka Kabanga, zilitoka Kibondo, moja ilitoka mbali kule Kumsenga. Ya jirani yangu ilikuwa ya sita, na kitabu kilikuwa bado ndani ya mfuko wa chumvi. Nilifurahi hadi nikataka kulia. Nikanyoosha mkono nikichukue.

"Weka hapo," askari akasema. "Hicho ni kielelezo."

Neno hilo nililisikia mpaka nikaliota. Benki walisema bila kitabu hakuna hela. Polisi walisema hakuna kitabu mpaka kesi iishe. Mahakamani walisema kesi ni Januari, halafu hakimu akawa likizo, halafu jalada likawa halijafika. Nilizunguka ofisi hizo nikigombana na kila mwenye kalamu. Niliitwa mkorofi, nikakubali, na kitabu hakikutoka.

Na jirani yangu aliitwa kituoni kama shahidi. Nilimsindikiza. Hawakumuuliza habari za karani kwanza. Walimuuliza yeye ni raia wa wapi. Walimuuliza baba yake aliingilia wapi, mwaka gani, kwa karatasi gani. Alisimama kwa muda wa saa tatu akijibu habari za marehemu mbele ya watu waliokuja kushtaki wizi wa mbuzi wao, na siku hizo mtu wa asili yake angeweza kupandishwa lori na kupelekwa kambini kwa jibu moja baya. Miaka yote alikuwa ameishi kwa kutotajwa, na mimi nilikuwa nimemtaja kwa rula. Sikuwa nimemuuliza kama anataka. Wala halikunipitia akilini kwamba linahitaji kuulizwa.

Shule zikafunguliwa. Nikatoa akiba yangu mwenyewe, nikavuka migomba. Mama alikuwa anashona gunia, binti amesimama mlangoni na fomu yake ya kujiunga, kaishika kwa mikono miwili. Nikaziweka noti juu ya gunia. "Chukua, mpeleke mtoto shule. Acha kiburi."

Ndivyo nilivyosema. Acha kiburi.

Alizitazama. Akazisogeza kwa mgongo wa mkono mpaka zikaanguka karibu na miguu yangu. "Asante, mwalimu. Nimesikia." Safari hii nilijua maana yake. Mwalimu mkuu nilipomsimulia alitikisa kichwa tu. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akasema, akaenda kupiga kengele. Mwisho wa Februari shule ya bweni iliandika kwamba nafasi amepewa mtoto mwingine.

Karani alifungwa. Kitabu kilirudishwa wakati wa kiangazi, jalada lake limegongwa muhuri wa mahakama, miaka minane yote imo ndani, haikupungua hata senti. Mkuu wa kituo alinishika mkono mbele ya watu akasema wilaya ingekuwa na walimu kumi kama mimi, wezi wangehama. Walimu wenzangu wakanipachika jina la Wakili. Na nilikuwa sahihi, mnasikia? Sanduku, muhuri, karatasi, mvua, kila nilichosema kilikuwa kweli.

Asubuhi moja nikapiga mswaki mpaka mwisho bila mtu kunikatiza. Kesho yake tena hivyo hivyo. Siku ya tatu nikachungulia dirishani: jirani yangu anapita kando ya migomba na jembe begani, binti yake nyuma na jembe lake. Hawakusimama, hawakugeuka. Katika nchi ile hata mtu mliyeshtakiana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba humpiti hivyo.

Nilivumilia wiki mbili. Kisha Jumapili moja nikafunga kanga yangu nzuri, nikavuka. Walikuwa uani, mama na binti, wanachambua maharage kwenye ungo mmoja. Nikasimama mbali kidogo, kama alivyokuwa akisimama yeye. Nikapiga makofi mawili. Nikakunja goti, na goti likalia.

"Mwakeye, mama. Mmeamka salama? Mtoto ameamkaje? Maharage ya mwaka huu yamekubali?"

Binti aliinua macho, akamtazama mama yake. Mama aliokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa. Hakuinua kichwa.

"Sema shida yako, mwalimu."