Taa ya Vifaranga na Goti la Yeyo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunijia hata nikiwa nimekaa tu nanywa chai. Nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja ya binafsi kule Themi, natazama pazia jeupe. Nyuma ya pazia alikuwa mama yangu, ambaye sisi Waarusha humwita Yeyo, na goti lake lilikuwa likitibiwa kwa mwanga. Upande wangu wa pazia niliona wekundu tu, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Nikajisemea kwamba mwanga ule naujua. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa tena kuwa na zahanati, na madukani vilijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa waliosafiri. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikakosa kazi ya ofisini niliyoitarajia, nikafungua duka Sombetini. Niliuza vifaranga, chakula cha kuku, na zile taa nyekundu za kuwapa vifaranga joto. Nusu ya mji ilikuwa imeanza kufuga kuku nyuma ya nyumba. Duka likanipa kiburi kidogo, na kiburi cha kijana hakihitaji mtaji mkubwa.

Yeyo aliishi nyumbani kwetu, juu ya Olmotonyi. Kule hakuna njia tambarare. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Maisha yake yote alibeba ndizi, kuni na viazi kwenye miteremko hiyo, na goti lake la kulia likasagika. Aliinuka kwenye kiti kwa kushika meza, na asubuhi mguu ulikuwa mgumu kama ubao.

Dada yetu Neema, kitinda mimba, alikuwa ameposwa. Kanisa liko ng'ambo ya korongo, na gari halikuweza kuvuka. Vijana wakasema watambeba mama kwenye kiti siku ya harusi. Yeyo akakataa katakata.

"Sipelekwi kwenye harusi ya mwanangu kama gunia la viazi," alisema. "Nitavuka kwa miguu yangu. Nikishindwa, nitabaki."

Tulimjua. Akisema atabaki, atabaki.

Basi nikampeleka Themi. Mtaalamu wa viungo alikuwa binti wa Kichaga, Aika, mcheshi na mwenye mikono yenye nguvu. Alitueleza wazi tangu siku ya kwanza.

"Mama, mwanga huu unatuliza maumivu. Haurudishi goti la usichana."

"La usichana nilishampa marehemu baba yao," Yeyo akajibu. "Mimi nataka la kuvukia korongo tu."

Aika alicheka mpaka akaweka kifaa chini. Kisha akamwambia kwamba maumivu yakipungua ndipo kazi inaanza: kuketi na kuinuka, kunyoosha mguu, kuubana msuli wa paja, kila siku. Mwanga unampa nafasi tu ya kufanya mazoezi hayo bila kuumia sana.

Ulipofika wakati wa kufunua goti, mimi nilitoka kwenda kwenye benchi. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa haangalii mguu wa mama yake ukiwa wazi. Ni heshima, wala sikuwahi kuona kwamba inanipunguzia kitu. Kwa hiyo sikukiona kile kifaa kikifanya kazi. Nilichojua nilisimuliwa na Yeyo njiani.

"Kinagusa ngozi, hakina joto, hakiumi," aliniambia kwa mashaka. "Sasa dawa gani hiyo isiyouma?"

Hata hivyo alipata nafuu. Haikuwa siku moja, ilikuja polepole. Akaanza kuinuka bila meza. Neema akanisimulia kwamba amemkuta mama kashuka peke yake mpaka mgombani. Tukaanza kuamini kwamba korongo litavukika.

Mimi nilichoka, mwanangu. Si Yeyo aliyechoka. Kila safari nilifunga duka, nikapanda kumchukua, nikashuka naye hatua kwa hatua hadi barabarani, kisha benchi, kisha kurudi. Wateja walikuta mlango umefungwa wakaenda kwa jirani. Siku moja nikiwa dukani nafunga taa juu ya boksi la vifaranga, nikaona wekundu ule ule. Mwanga ni mwanga, nikasema moyoni. Kwa nini nihangaike kwenda Themi?

Ningeweza kumuuliza Aika. Sikumuuliza, kwa kuwa nilihofia angesema hapana.

Umeme ulikuwa umeshafika nyumbani. Nikapanda na taa, nikaining'iniza chumbani kwa Yeyo, na kwa kuwa alisema kifaa cha zahanati kinagusa ngozi, nikaishusha karibu kabisa na kiti chake. Akaitazama.

"Hii imetoka wapi?"

"Dada Aika kasema tutumie hii," nikamjibu. "Ni mwanga ule ule."

Uongo ule ulinitoka kirahisi, kama mtu anayetaja bei.

Nikatoka nje, nikafunga mlango kama heshima inavyotaka. Baada ya muda nikamwita, "Yeyo, vipi?"

"Leo ndiyo dawa!" akajibu kutoka ndani. "Inauma vizuri."

Nikafurahi. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko hata ule uongo. Mama yangu aliniambia anaumia, nami nikafurahi.

Neema ndiye aliyeingia kumpa chai. Nilisikia kikombe kikianguka, kisha akatoka amekunja uso.

"Kaka, umemfanya Yeyo kifaranga?"

Ngozi ya goti ilikuwa imebabuka na kufanya malengelenge, na kesho yake yakapasuka. Tulirudi Themi tukiwa watu wengine. Aika alisafisha kidonda, kisha akanijia kwenye benchi. Alinieleza kwamba taa yangu ni ya kutoa joto, na mashine yake haichomi. Vimefanana rangi tu. Akasema mguu hauwezi kufanyiwa mazoezi mpaka ngozi ipone.

"Ungeniuliza tu, kaka Lazaro," akasema. Hakupandisha sauti.

Kidonda kilichelewa. Yeyo alikaa mguu ukiwa haukunjwi, na nguvu aliyoijenga kwa subira ikapotea. Siku ya harusi ikafika goti likiwa gumu kuliko lilivyokuwa tulipoanza. Vijana walikuja na kiti, wakasimama nacho mlangoni wakiona haya. Yeyo akawashukuru, akawaambia wakitumie kukalisha wageni.

Alimbariki Neema uani, akamnyunyizia maziwa, akamshika kichwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Neema alilia. Yeyo hakulia. Maandamano yalipoanza kushuka, nilibaki nyuma. Akaniuliza, "Lazaro. Aika alisema kweli tutumie ile taa?"

"Hapana, Yeyo."

Akawasikiliza wanawake wakiimba kule korongoni.

"Mimi nilivumilia kwa sababu ulitaja jina lake," akasema. "Ungesema ni mawazo yako, ningeizima." Kisha akanituma: "Nenda. Mtoto asifike kanisani bila mtu wa kwetu."

Nikaenda. Niliketi mahali pake, kwenye benchi la mbele, na watu wakanipa mkono wa pongezi.

Baadaye tuliyaanza upya matibabu, mwanga na mazoezi, na safari hii sikukosa hata mara moja. Aliweza kuvuka korongo kwa fimbo, akahudhuria ubatizo wa mjukuu. Watu husema basi, mambo yaliisha vizuri. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu harusi ya Neema ilikuwa siku moja tu, na siku hiyo mama yake hakuwepo kanisani.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Ukimpeleka mzee kwa mtaalamu, usione benchi kuwa hasara. Kumngojea ni sehemu ya matibabu yake. Uliza kifaa kile ni nini, kinafanya nini na hakifanyi nini, na ukiona unaogopa jibu, hapo ndipo uulize zaidi. Maumivu yakipungua usitangaze kwamba goti limepona. Msaidie afanye mazoezi. Kama heshima inakuzuia kuangalia, mtafute anayeruhusiwa kuangalia. Na wazo lako likiwa lako, liseme kwa jina lako mwenyewe, ili anayekuamini awe na nafasi ya kulikataa.

Mungu akupe magoti yatakayokufikisha kwenye kila sherehe ya watoto wako. Na siku yatakapochoka, akupe mtu wa kukushika mkono asiye na haraka.