Mwewe wa Kreni na Ukumbi wa Paa la Kijani

Saa kumi na mbili asubuhi mwendesha kreni anaanza kupanda ngazi. Hana haraka. Goti la kushoto linamsumbua, na hakuna anayemsukuma nyuma, kwa hiyo anapumzika anapotaka. Akifika juu anafuta kioo cha sakafu kwa kitambaa, anakaa, anainamisha shingo kati ya magoti, na kazi inaanza. Kontena linatoka melini, linatua juu ya lori, linafuata jingine.

Wenzake wanamwita Mwewe. Ana miaka kumi na sita ndani ya kibanda hiki cha vioo, na malori yanapochelewa huinua shingo akautazama mji. Ndiyo starehe yake. Leo malori yamechelewa, lakini Mwewe ameupa mji mgongo.

"Sitaki kuuona," anasema. "Umenivua nguo."

Kisa chenyewe ni dada yake. Keshokutwa, Jumamosi, dada yake mkubwa anashuka kwa basi la asubuhi ili atembezwe mjini, kisha arudi kwa basi la usiku. Ni mpishi wa shule, na watoto wanataka kula Jumatatu, basi ziara ni ya siku moja tu. Ndiye aliyemlea Mwewe tangu mama yao alipofariki. "Kwa jina ni dada," anasema. "Kwangu mimi ni mama."

Msomaji atauliza: mtu aliyekaa mjini miaka yote hiyo, kumtembeza mgeni siku moja kunamshinda nini?

Kunamshinda kwa sababu Mwewe hajakaa mjini. Anakaa kwenye kota za bandari, nyuma ya ukuta ule ule wa bandari. Duka liko ndani, kinyozi yuko ndani. Siku ya mapumziko anafua ovaroli, analala, anaamka shingo ikiuma, analala tena. Akienda likizo, gari la kampuni linamfikisha stendi, na stendi ndiyo mwisho wa mji anaoujua kwa miguu.

Lakini kila Jumapili dada alipopiga simu alisema, "Haya, nisimulie mji." Naye akasimulia alichokiona kutoka juu, na chumvi akaitia kwa kiganja. Kulikuwa na bwawa la kuogelea la buluu. Kulikuwa na mnara mweupe wa kuongozea meli. Na juu ya vyote, ukumbi wa harusi wenye paa la kijani, ambako kila asubuhi aliona magari yamepangwa, maua yanashushwa, watu wamependeza.

"Nikamwambia huku kuna harusi kila siku, hata Jumatatu," anakumbuka, uso ameufunika kwa mikono. "Nikamwambia na mimi huwa napita pale, wananikaribisha."

Dada ni mpenzi wa harusi. Ya kwake hakuwahi kuifunga, maana alikuwa na mtoto wa kulea ambaye hakumzaa. Ameshona gauni la zambarau kwa ajili ya ukumbi ule, asimame nje tu aone maharusi wakitoka.

Jumanne, siku yake ya mapumziko, Mwewe alimwomba mwandishi wa makala haya amsindikize akafanye majaribio ya ziara. Mwandishi alikuwa amefika bandarini kufuatilia habari za kreni mpya, akaombwa pembeni, kwa sauti ya chini. "Wewe mtu wa magazeti, mji huu si uko kiganjani mwako?" Kumbe hata mwandishi mwenyewe anaujua kwa kuungaunga.

Walipotoka getini tu, Mwewe alipotea. "Huku chini hakuna mapaa," alilalamika. "Kuna kuta tupu!" Bwawa la buluu lilikuwa turubai la soko la mitumba. Mnara wa kuongozea meli ulikuwa tangi la maji, tena linavuja. Mwewe alicheka, akajipa moyo. "Lakini ukumbi upo. Maua nimeyaona kwa macho yangu."

Wakamuuliza mng'arisha viatu aliyekuwa amekaa kwenye kona: lile jengo kubwa la paa la kijani, linalojaa magari asubuhi, liko wapi?

Mng'arisha viatu aliweka brashi chini. "Poleni sana, ndugu zangu. Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa," Mwewe akasema. "Tunatafuta ukumbi."

"Kateni kushoto, mtaliona," akajibiwa kwa upole. "Jikazeni, ndiyo dunia."

Mlinzi wa geti la jengo lile alikuwa na swali moja tu. "Mnaleta au mnachukua?"

Nyuma yake maua yalikuwepo, kama Mwewe alivyosema. Magari yalikuwepo, na watu waliovaa vizuri, leso zikiwa machoni. Ilikuwa mochwari ya hospitali.

Mwewe alirudi nyuma hadi akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Kisha akasema, "Hao watu nilikuwa nawaona wakikumbatiana. Nikadhani wanapongezana."

Aliona aibu, na hakuificha. Aliwaonea aibu wafiwa wasiomjua hata kwa sura. Alimwonea aibu zaidi mwanamke mmoja aliyekuwa anapiga pasi gauni la zambarau. Akatoa simu. Simu yake ni mbovu, haisikiki mpaka spika iwashwe, hivyo mtaa mzima ukashiriki mazungumzo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona leo si Jumapili? Kuna aliyekufa?"

"Hapana. Yaani, wapo, lakini si wa kwetu." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Dada, ule ukumbi wa harusi si ukumbi. Ni mochwari. Sijawahi kuingia, sijawahi hata kupita. Mji wenyewe siujui. Nimekudanganya miaka yote hii."

Kisha dada akauliza, taratibu, "Kwa hiyo nilipokuwa nikiwaombea wale maharusi wapate watoto..."

"Ndiyo, dada."

"Mungu atusamehe." Akacheka kidogo, akaacha. "Basi ndiyo maana kila nikitaka kuja ulikuwa unanipiga chenga? Mwakani, mwakani?"

"Ndiyo maana. Niliogopa utanigundua."

"Mimi nilidhani unanionea aibu mimi."

"Wewe? Kwa lipi?"

"Si nimeunguaungua mikono kwa masufuria ya watu? Na kuongea kwangu kwa kelele? Nikasema mdogo wangu sasa ni mtu wa mashine kubwa, hapendi wenzake wanione. Nikanyamaza. Sikutaka kukuharibia."

Mwandishi aligeuka kutazama magari. Kuna aibu ambayo mtu huicheka baada ya wiki moja, nayo ni ile ya paa la kijani. Hii ya pili ilikuwa ya aina nyingine, na mwendesha kreni alilia pale mtaroni mchana kweupe. Wapita njia walimpa pole, wakidhani naye amefiwa.

Sasa, kibandani, malori bado hayajafika. Mpango wa Jumamosi umebadilika. Amebadilishana zamu, na mjini wataingia wakiulizia njia wote wawili, kama wageni. Lakini kwanza atampitisha dada bandarini, getini, wakati zamu zinapopishana na watu wote wako pale. Gauni ni lile lile la zambarau. Dada ameahidi kuja nalo.

Mwewe anachukua simu ya upepo, anaishika bila kuibonyeza, kisha anaibonyeza.

"Wote mnaonisikia. Jumamosi dada yangu anakuja. Aliyenilea. Nataka mumwone."

Simu inakoroma. Anayejibu ni mpiga ishara wa chini ya kreni, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka mingi.

"Mwewe, una dada? Hujawahi kumtaja. Sisi tulijua huna ndugu."

Anainamisha shingo kati ya magoti, ingawa chini hakuna kontena la kuangalia.

"Ninaye," anasema. "Jumamosi mtamwona."