Breki Niliyoifunga kwa Mpira

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Kalinzi, mwanangu, nilipodhani nimemkata dada yangu mguu. Nakuambia mapema kwamba haukukatika, usije ukanisikiliza huku roho iko juujuu. Yustina yupo hadi leo. Aliolewa Mwamgongo, ana wajukuu, na akishuka kwenye boti hukanyaga maji kwa miguu yake miwili bila kushikwa mkono na mtu. Lakini kwa kitambo kama cha kumeza mate mara tatu, mimi sikulijua hilo, na kitambo hicho kimenifunza zaidi ya miaka yote niliyokaa darasani.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walishuka kutoka ng'ambo ya mpaka wakiwa na mikeka kichwani na watoto mgongoni, wengine na kuku mmoja kwapani, basi. Kabla ya kupelekwa kambini wengi walikaa kwanza majumbani mwa watu, na kwetu walifika tisa: Mzee Bukuru, mkewe Bibi Sabina, wakwe zao wawili na wajukuu watano. Mama yangu aliwatazama pale uani, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaingia ndani kutafuta sufuria kubwa. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita, kwa hiyo mwanaume wa nyumba nilikuwa mimi. Angalau nilijiona hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, umri ambao mtu hujiona amemaliza kusoma kitabu kumbe ameona jalada tu.

Baba alituachia msumeno wa mnyororo, ule tuliouita chenso. Aliununua ukiwa mkuukuu kutoka kwa wapasua mbao, na alikuwa akiutunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa maziwa. Kila akimaliza kazi alikaa kwenye kigoda, akaufungua, akausugua kwa mswaki wa zamani, na ukimshinda aliufunga kwenye gunia akashuka nao mpaka Bangwe kwa fundi wake. Mimi nilikuwa nikimtazama baba akifanya hayo yote. Kutazama na kuona, mwanangu, ni vitu viwili.

Sasa, watu kumi na wawili hula. Chungu cha maharage hukaa motoni tangu asubuhi mpaka jua linapogeuka, na rundo letu la kuni likaisha kabla wiki haijaisha. Wanawake walianza kwenda mbali kuokota, na huko walikoenda kulikuwa na maneno, maana kila mtu alikuwa anatafuta kuni zilezile. Lakini mpakani mwa shamba letu la kahawa palikuwa na mkaratusi ulioangushwa na upepo, umelala mpaka umekauka vizuri. Nikamwambia mama, "Acheni kuhangaika. Kesho nitaukata wote."

Nilipoutoa ule msumeno, niliukuta katika hali ambayo baba asingeikubali. Kuuwasha ilikuwa kuvuta kamba mpaka bega linauma, na ukiwaka unakohoa. Cheni yake ilikuwa butu, inasaga mti na kutoa unga badala ya maranda. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Mbele ya mpini wa mkono wa kushoto kuna ngao ndogo. Ukiisukuma mbele, cheni inasimama papo hapo. Hiyo ndiyo breki. Ya kwetu ilikuwa inajishika yenyewe bila kusukumwa, unakata kidogo cheni inagoma. Nikasema hii imeharibika, inanichelewesha tu. Nikakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaifunga ile ngao kwa nyuma, nikakaza. Haikunisumbua tena. Nilijiona fundi.

Mzee Bukuru alikuja pale nilipokuwa nikivuta kamba. Alikuwa mrefu, mkimya, koti lake moja limemwishia mikononi. Huko kwao alikuwa amefanya kazi ya kukata miti kwenye mashamba ya milimani tangu ujana wake, jambo ambalo mama alinieleza na mimi nikalisikia kwa sikio moja.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia, bila kuinua macho.

"Marahaba." Akainama, akaugusa ule mpira kwa kidole. "Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu kwa Kirundi, "huu usiuwashe. Umeifunga breki."

"Inasumbua, Mzee. Inajishika hovyo."

"Ikijishika, inakuambia kitu. Nipe nusu ya siku niitazame."

Mama alikuwa mlangoni. Yustina alikuwa anakuja kunisaidia. Nikaona nimeshikwa makosa mbele ya watu wa nyumba yangu, tena na mtu anayekula kwenye chungu changu. Nikamjibu neno ambalo hata leo nikilikumbuka nageuza uso ukutani. Nilisema, "Mzee, ungekuwa fundi kweli ungekuja na msumeno wako."

Mtu aliyevuka na wajukuu watano na sufuria moja! Mama akaweka kiganja mdomoni. Mzee Bukuru alinitazama kidogo tu, akasema, "Haya," akarudi nyuma hatua kadhaa. Hakuondoka. Tulipokwenda kwenye mkaratusi alitufuata na mikono yake nyuma, kama mtu anayengoja jambo asilolitaka.

Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, baridi ya Kalinzi unaijua. Bibi Sabina alikuwa amemfunga Yustina kiunoni blanketi lao zito la kijivu juu ya kitenge, akimwambia asiende shambani hivihivi. Yustina akashika tawi nililotaka kukata, akalikaza lisicheze. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana mti haushikiliwi na mtu mbele ya msumeno, lakini mimi ndiye niliyemwita.

Nikawasha. Cheni ikawa inasaga, haikati. Nikausukuma msumeno kwa nguvu zangu zote, na ulipopenya ghafla, ncha yake ikagonga tawi jingine lililokuwa chini. Ncha ikigonga, mwanangu, msumeno hurusha teke kuliko punda. Uliruka juu kunijia usoni. Breki ilikuwapo kwa ajili ya dakika ile ile, na mimi nilikuwa nimeifunga. Nikakwepa, mkono wa kushoto ukaponyoka, mashine ikazunguka ubavuni ikiwa bado inanguruma, ikamshukia Yustina pajani. Akaanguka.

Kisha injini ikazima yenyewe. Kukawa kimya.

Sikuweza kusogea. Niliona nyuzi za blanketi zimetapakaa kama manyoya ya kuku, na Yustina amelala ubavu, macho yamemtoka, hapigi hata kelele. Mzee Bukuru alinipita kwa bega, akapiga magoti, akamwita mkewe kwa Kirundi. Wanawake wakaja wakamzunguka na vitenge vyao. Mama alikuwa anataja jina la Bwana Yesu, tena na tena. Nami nilisimama nikihesabu wataniuliza nini polisi, watasema nini kanisani, nitaishije.

Halafu nikasikia sauti ya Bibi Sabina, "Imana ishimwe! Mungu asifiwe! Ni mkwaruzo!" Akaanza kucheka huku analia. "Mguu upo! Mguu upo mzima!"

Lile blanketi lilikuwa limekunjwa mara mbili, na sufu yake ilivutwa na cheni ikajaa mpaka kwenye gurudumu linaloizungusha, ikaikaba mashine shingoni. Pajani palikuwa na mstari wa urefu wa kidole, unatoa damu kidogo. Basi. Mama aliposikia alikaa chini kama mzigo ulioshushwa. Mimi nikakaa hapo hapo kwenye majani, nikalia mbele ya wanawake na watoto, wala sikuona haya. Sijawahi kupokea kitu kitamu kuliko neno lile, mkwaruzo.

Yustina akainuka kwa kiwiko, akanitazama. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeharibu blanketi la watu."

Jamani! Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mzee Bukuru ndiye hakucheka. Alingoja mama amfunge Yustina kidonda, kisha akaja akakaa karibu nami pale chini. Nilidhani atanipiga, na kwa kweli ningeshukuru. Akaongea polepole.

"Ulijua kwamba breki umeifunga?"

"Nilijua, Mzee."

"Na nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mimi nimevuka mpaka na watu wangu wote. Hakubaki hata mmoja njiani. Sasa fikiri, mwana wanje, nije kuzika binti wa nyumba iliyonipokea, kwa sababu ya kuni za kunipikia mimi. Ningekula nini tena hapa? Ningewatazamaje? Lile neno lako la msumeno wangu halikuniumiza sana. Nimesikia makubwa kuliko hilo. Lakini siku nyingine, ukitaka kumkomesha mtu, usitumie mguu wa dada yako."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii niliijua tangu utoto, tena niliiimba shuleni. Sikujua kwamba guu lenyewe huweza kuwa la mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi nilimbebea ule msumeno kwa mikono miwili, nikapiga goti. "Mzee, nisamehe. Sijui kuutengeneza. Nifundishe."

Akautazama, akanitazama, na hapo ndipo alipotabasamu mara ya kwanza tangu waje. "Nilidhani utaniletea pombe ya ndizi ya kuniomba radhi. Kumbe umeniletea mgonjwa. Kaa."

Tukafungua kifuniko cha ubavuni. Tukatoa sufu kwa kibanzi cha mti, uzi mmoja mmoja. Ndani, ule ukanda wa chuma unaoshika breki ulikuwa umefunikwa na utomvu na unga wa mti, umegandamana kama ugali wa jana. Akausugua kwa mswaki wa baba na petroli kidogo, akasukuma ngao mbele, ta! akairudisha nyuma, ta! Ikaenda vizuri kabisa.

"Spea yake?" nikauliza.

"Spea ya nini? Haikuharibika. Ilikuwa chafu."

Mwanangu, nilitaka ardhi inimeze. Nusu ya siku aliyoniomba ilikuwa nyingi. Kazi yenyewe haikufika hata robo. Baada ya hapo akanionyesha mengine. Chujio la hewa lilikuwa limeziba, ndiyo sababu ya kukohoa. Tukaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukalianika kivulini. Kitundu cha kupitisha oili ya cheni tukakizibua kwa uti wa jani. Kisha akanishikisha tupa ya duara, akanifundisha kunoa jino moja moja, kusukuma mbele tu bila kurudisha huku tupa imegusa jino, na kila jino lipate idadi ileile ya misukumo, kwa sababu cheni yenye meno makali upande mmoja hukata ikienda kombo. "Buhoro buhoro," alikuwa akisema kila nilipoharakisha. Nilinoa mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku ya tatu tuliukata ule mkaratusi. Hakuna aliyeshika tawi. Mzee Bukuru alipigilia vigingi viwili vya msalaba, gogo likalala juu yake. Yalitoka maranda meupe, marefu, yananukia, na msumeno ulishuka wenyewe bila kusukumwa. Mama alisimama na Yustina mbali kule, kwenye migomba, kila mmoja amemshika mwenzake. Gogo la mwisho lilipoanguka nilizima injini, nikasikia wote wanashusha pumzi pamoja nami.

Wiki chache baadaye magari yalikuja yakawapeleka kambini. Miaka ikapita, amani ikarudi kwao, na siku moja mfanyabiashara wa kahawa akaniletea salamu kwamba Mzee Bukuru na Bibi Sabina wamefika nyumbani, wamejenga, na wajukuu wote watano wako hai. Siku hiyo nayo nilikaa chini.

Basi nikuambie wazi, mwanangu, ili usije ukasema mzee alinizungusha. Chombo kikuukuu si kibaya, kibaya ni mwenye nacho asiyekitunza. Kisafishe siku ile ile uliyokitumia, kabla hujanawa mikono. Ukiona unga badala ya maranda, simama unoe. Usitie nguvu mahali panapotakiwa makali. Na kitu chochote kilichowekwa kukuzuia, iwe ni breki, iwe ni mke wako anayekuambia ngoja, iwe ni mzee mgeni mwenye koti fupi, usikifunge kwa mpira kwa sababu tu kimekukera. Kwanza kiulize kinaona nini ambacho wewe hukioni. Kuuliza si ujinga. Mimi niliyeogopa kuonekana mjinga kwa dakika moja, kidogo nionekane muuaji maisha yangu yote. Na ukimkosea mtu, nenda asubuhi inayofuata, usingoje aibu ipoe, haipoi.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa nguvu. Akulinde na kosa ambalo kulirudisha haiwezekani, na yale yanayorudishika akupe mtu mpole wa kukurudishia. Mikono yako ifanye kazi na irudi nyumbani mizima, na kila unayempenda akukute jioni akiwa mzima vilevile. Amina.