Ushuhuda wa Pili wa Alistidia

Alistidia ni jirani yangu hapa Kahororo, msukaji wa mikeka. Mama yake alifariki kule Muleba akitapika damu kwa vidonda vya tumbo, na Alistidia ndiye aliyeshika beseni.

Mwaka jana alipimwa presha, akaanzishiwa amlodipini, kidonge kimoja kila asubuhi. Haukupita mwezi, kifua kikaanza kumwaka moto, hasa akiinama kusuka au akijilaza baada ya kula. Maji machungu yanapanda hadi kooni. Akajua ni vidonda vile vile vya mama yake. Hakumwambia daktari. Aliacha dawa kimya kimya, akafunga na kuomba, na siku ya tano moto ukazimika.

Jumapili alisimama kanisani, akashuhudia kwamba Bwana amemponya vidonda, na kwamba vidonge vya presha ndivyo vilivyokuwa vinamtoboa tumbo. Tulimshangilia, nami nikiwemo. Mzee Bartholomayo, anayemeza vidonge hivyo hivyo, alimpa mkono mlangoni, akasema vyake anavitupa leo.

Ilipotimia miezi miwili, kichwa cha Alistidia kikawa kinagonga na macho yanaona ukungu. Nikamsindikiza hospitali. Presha ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi. Kwa hofu ile akaeleza yote. Walimshusha presha kwanza, kisha wakampitisha mpira wenye kamera kooni kuangalia tumbo.

"Mama, hakuna kidonda," daktari alimwambia. "Dawa hii inalegeza mishipa ili damu ipite vizuri. Kwa watu wengine inalegeza pia msuli unaofunga mdomo wa tumbo, ndiyo maana tindikali inapanda. Inachoma, lakini haijakutoboa. Ungekuja kusema, ningekubadilishia. Ulivyoacha mwenyewe, ungeweza kupooza."

Akamwandikia dawa ya aina nyingine, akamwagiza ale mapema jioni na kitanda akiinue upande wa kichwani.

Nilitegemea afurahi. Badala yake alinishika mkono kwa nguvu, akasema, "Mzee Bartholomayo."

Hatukupita hata nyumbani. Njia nzima alikuwa anaomba kwa sauti ya chini, kwamba kama kuna wa kupooza, iwe yeye. Tulimkuta mzee kwenye kibanja chake anapunguza majani ya migomba. Alistidia akapiga magoti. Mzee akadhani anasalimiwa tu, akaitikia, lakini mwenzangu hakuinuka. Alisema yote akiwa chini pale, kwamba vidonda havikuwepo, kwamba amempoteza mtu wa Mungu.

Mzee akaegemeza panga kwenye mgomba.

"Ushuhuda niliusikia, waitu, ndugu yangu, na vidonge nilivitupa kweli. Lakini Jumapili ile mke wangu Joyness alikuwa hospitali ya Rubya anamuuguza dada yake, kwa hiyo haukumfikia. Aliporudi alinunua vingine. Kila asubuhi ananisimamia mpaka nimeze, halafu ananikagua mdomo kama mtoto."

Alistidia akakaa chini kabisa kwenye majani, akacheka huku machozi yanamtoka. Nami nikakaa kando yake.

Jumapili iliyofuata alisimama tena, akasema ukweli wote, na kwamba aliyeacha dawa kwa ajili ya maneno yake arudi hospitali akaulize. "Amina" ya safari hii ilikuwa ndogo. Ila tulipotoka, akina mama watatu walimfuata nje, kila mmoja na kiungulia chake.