Haboba Aliposema Fadal

Kuna mchana mmoja wa hapa mtaani kwetu Gurei ambao haujanitoka kichwani, mwanangu, na jana uliurudisha wewe mwenyewe. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikikutazama ukipita kwa akina Kiden. Walikuwa wanakula, wakakuita, "Fadal!" Ukapunga mkono, ukaendelea na simu yako. Sikukugombeza. Nilimkumbuka tu kaka yangu Wani, mjomba wako, na aibu iliyompata kwenye njia ile ile.

Tulirudi Juba baada ya mkataba wa amani. Mimi na Wani tulikulia ukimbizini Kitale, Kenya, na hata ndoto tuliziota kwa Kiswahili. Kiarabu cha Juba hatukujua hata cha kununulia chumvi. Wani alipata kazi ya udereva kwenye shirika la misaada, mimi nikafundisha chekechea kwa mshahara wa kununulia sabuni. Mji ulikuwa na pilikapilika, kila mtu anajenga, na karibu kila kitu kilitoka Uganda kwa lori: mayai, kabeji, hata maji ya chupa, ilhali Mto Nile unapita pale pale! Nyanya zilifika zimechoka kuliko dereva aliyezileta, na bado ziliuzwa kama dhahabu.

Jirani yetu alikuwa mama mzee aitwaye Poni. Mtaa mzima ulimwita Haboba, yaani bibi. Nyuma ya nyumba yake ya udongo alilima bamia, njugu na mboga za majani. Mchana aliweka sinia nje kabisa, kando ya njia, akala na wajukuu zake na yeyote aliyekuwepo. Wani akipita, Haboba aliinua mkono: "Fadal! Fadal!"

Sasa mtu wa Kitale akisikia hivyo, anasikia nini? Tafadhali. Na kwetu tafadhali ni neno la mwenye shida. Tena Wani alikuwa ameuliza watu wale wanakula nini, akaambiwa kombo. Basi akaamini bibi wa watu anakula makombo. Kombo, wewe unaijua, ni majani yaliyopikwa kwa njugu za kusaga, na mtu huila akalamba vidole. Lakini wakati huo nani angetuambia? Hatukuwa tumeingia nyumba ya mtu.

Kaka yangu ana moyo laini. Alianza kumpelekea Haboba vitu, leo sukari, kesho sabuni, mara nyingine mkate. Haboba alipokea, akasema shukran, akamtazama kwa mshangao akiondoka mbio bila kungoja neno jingine. Kesho yake mchana, sinia likiwa nje: "Fadal!" Halafu jirani wa pili naye akaita, na wa tatu. Wani akachoka. Akaanza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, akipita kwenye matope ili asionekane.

"Nchi hii haijengeki," aliniambia. "Kila mtu mkono mbele. Mwisho wa mwezi tunarudi Kenya."

Mwanangu, maneno hayo yaliniuma. Kenya walitupokea vizuri, siwezi kuwasema vibaya, lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa natoka wapi kila nilipotaja jina langu. Nilitaka kuishi mahali ambapo swali hilo haliulizwi. Ila bila Wani sikuwa na pa kulala, na yeye alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

Kisha mvua ikakata barabara ya Nimule, ile ya kutoka Uganda. Malori yalikwama, maduka yakabaki na biskuti na betri za redio. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kuwa na mshahara mfukoni na bado alale na njaa. Tulikunywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Maji yaliijaza njia ya nyuma, kwa hiyo Wani alilazimika kupita mbele ya Haboba, tumbo likinguruma, mimi nikiwa nyuma yake.

"Fadal!"

Wani akafungua viganja. "Haboba, nisamehe. Leo sina kitu. Leo hata mimi sina."

Mama yule akasimama taratibu, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani yake mlikuwa na sukari yetu na sabuni zetu, hata karatasi hazijafunguliwa. Kumbe alikuwa amekaa Uganda miaka kadhaa ya vita, Kiswahili chake kilitoka huko.

"Wee kijana, nani aliomba wewe kitu? Mimi iko na mkono, mimi nalima. Kila siku naita wewe, karibu kula. Wewe natupa sukari, nakimbia! Chakula yangu iko na sumu?"

Wani akauliza, "Fadal ni... karibu?"

"Sasa ni nini?"

"Tulidhani unasema tafadhali."

Haboba alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Wajukuu wakacheka, mimi nikacheka, na Wani alitamani ardhi immeze. Kisha tukanawa mikono, tukakaa. Haboba akamega asida, ugali wa huku, akaiweka mbele ya kaka yangu, na hapo akaacha kucheka.

"Wakati ya vita," akasema, "sisi nakula ndani, mlango nafunga. Jirani asione moshi, asione kama wewe iko na kitu. Sasa amani imekuja, sisi nakula nje. Wewe ukipita bila kukaa, mimi nasema, kumbe vita bado haijaisha."

Wani alikula akiwa ameinamisha kichwa, na nilimwona akijifuta macho kwa mkono wa shati. Ile sukari tuliipikia chai siku hiyo hiyo, wakanywa majirani wote. Jioni Wani alifungua mizigo yake, na mimi nikaanza kulima kipande cha mboga za kudra nyuma ya nyumba, hicho hicho unachokikanyaga ukienda kuanika nguo.

Kwa hiyo mwanangu, lijue neno la mtu kabla hujamhukumu. Kabla ya kukimbilia dukani, nunua kwa jirani ambaye shamba lake unaliona, maana siku lori likikwama ndiye utakayebaki naye. Na ukiitwa chakulani, simama. Hata kama umeshiba, nawa, mega tonge moja, uulize habari za nyumbani. Kiden aliyekuita jana ni mjukuu wa Haboba, na sinia ni lile lile.

Nenda sasa, leo pia wako nje, bado wanakula. Mungu akulinde, akupe kazi ya mikono yako na majirani wa kukuita kwa jina. Na akujalie kula nje, mlango wazi, siku zote za maisha yako.